Mshika mawili: shajara ya vyuma na baiskeli

Kabla ya juma la kwanza

Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka. Mradi huu unataka kuona kama ni lazima iwe hivyo. Nataka nguvu zinazopatikana kwenye vyuma, na nataka pumzi inayopatikana kwenye baiskeli, vyote ndani ya juma lile lile, kwa mtu mwenye kazi ya kutwa ambaye saa zake za mazoezi hazizidi 8. Sina kocha. Nina baiskeli ya barabarani yenye kipima wati, mkanda wa kifuani unaosoma mapigo ya moyo, chuma kirefu na sahani zake, benchi na kamba ya kuruka. Vinatosha.

Lengo nimeliandika kwa namba ili baadaye nisije nikabishana na nafsi yangu. Baada ya majuma 12 nataka kuendesha kilomita 120, na mwisho wa safari hiyo uwe mlima wa kilomita 8 wenye mwinuko wa wastani wa asilimia 5, yaani mita 400 za kupanda. Mlima wote niupande kwa wastani usiopungua wati 180. Upande wa vyuma, nataka skwati, yaani kuchuchumaa na kuinuka na chuma, ya marudio 8 safi nikiwa na kilo 71 mabegani, sawa na uzito wangu mwenyewe. Leo naanzia kilo 50.

Mlima nimeuweka mwishoni kwa makusudi. Ukipanda miguu ikiwa mipya, unapima pumzi tu. Ukipanda baada ya saa 4 barabarani unapima kitu kingine: misuli imebakiwa na nguvu gani baada ya kuzungusha pedeli maelfu kwa maelfu. Hapo ndipo vyuma vinaposemekana kusaidia. Mwaka 2011 Bent Rønnestad na wenzake wa Norway walichapisha jaribio la waendesha baiskeli waliokomaa. Kundi moja lilibaki na baiskeli peke yake, jingine likaongeza vyuma vizito mara mbili kwa juma kwa majuma 12. Kisha wote waliendesha dakika 185 kwa mwendo wa kawaida, na mwishoni wakatakiwa kutoa kila walichonacho kwa dakika 5. Walioongeza wati zao katika dakika hizo za mwisho ni wale wa vyuma.

Lakini kuna Robert Hickson naye, na ushahidi wake ni wa mwaka 1980. Alikuwa mtu wa vyuma aliyejiunga na maabara ya John Holloszy, akaanza kukimbia naye, akaona misuli yake inapungua. Akaliundia jambo hilo jaribio: kundi la vyuma, kundi la pumzi, na kundi la vyote viwili, kwa majuma 10. Kundi la vyote viwili lilipata nguvu vizuri hadi karibu na juma la 7, kisha nguvu zikasimama, na mwishoni zikaanza kushuka. Pumzi yao haikudhurika hata kidogo. Ila tazama ratiba waliyopewa: vyuma siku 5 na mazoezi ya pumzi siku 6 za juma, yote makali. Ni mzigo ambao hata mwanamichezo wa kulipwa angeuogopa. Mimi nayasoma matokeo yale kama swali la kiasi na mpangilio, si hukumu kwamba vitu hivi viwili haviishi nyumba moja. Kwa hiyo nitajaribu mipangilio miwili, mazoezi yakiwa karibu yale yale, nione tofauti iko wapi.

Kipimo cha mwanzo

Nimepasha mwili joto vya kutosha, halafu nimeendesha dakika 20 kwa nguvu zote ninazoweza kuzigawanya bila kukatika njiani. Wastani ni wati 218. Desturi ni kuchukua asilimia 95 ya namba hiyo kuwa makadirio ya kizingiti, yaani nguvu ambayo mtu anaweza kuishikilia karibu saa nzima. Napata wati 207, au wati 2.9 kwa kila kilo ya mwili.

Mapigo ya juu kabisa ya moyo sikuyakadiria kwa ile kanuni ya 220 toa umri. Kanuni hiyo ni ya wastani wa watu wengi. Kwa mtu mmoja mmoja inaweza kupotoka kwa mapigo 10 au zaidi, juu au chini, na hapo kila eneo la mazoezi, yaani kiwango cha mapigo ulichojipangia, ulilolijenga juu yake linakuwa limekaa mahali pasipo pake. Nilipanda kilima kifupi kwa kasi, nikarudia, na mara ya mwisho nikatoa kila kitu hadi kileleni. Mkanda ulisoma 186.

Pia nitaandika namba ya Borg kila baada ya zoezi. Gunnar Borg wa Sweden alitunga kipimo kinachoanzia 6, ambayo ni kutulia tu, hadi 20, ambayo ni mwisho wa uwezo. Namba ni za ajabu kwa sababu zilikusudiwa zizidishwe kwa 10 zikaribiane na mapigo ya moyo ya kijana mwenye afya. Nakithamini sana kipimo hiki. Kinauona uchovu mapema kuliko vyombo.

Juma la 1 hadi la 3: mpangilio wa kwanza

Huu ndio mpangilio ambao wengi wetu huanza nao, kila siku na zoezi lake. Jumatatu vyuma vya miguu, Jumanne vipande vya kasi, Jumatano baiskeli nyepesi, Alhamisi vyuma vya miguu tena, Ijumaa vilima, Jumamosi mwili wa juu, Jumapili safari ndefu. Kwenye karatasi unapendeza kwa sababu hakuna siku iliyolemewa.

Vipande vya Jumanne ni vya dakika 4, vinne, kwa asilimia 90 hadi 95 ya mapigo ya juu, na katikati dakika 3 za kuzungusha pedeli polepole. Jan Helgerud na wenzake walivichapisha mwaka 2007, na vinapandisha uwezo wa mwili kutumia oksijeni kuliko kwenda mwendo wa wastani kwa muda mrefu. Nimevichagua kuliko zile sekunde 20 za kazi na 10 za kupumzika zinazojulikana kwa jina la Izumi Tabata. Zile za Tabata katika jaribio la mwaka 1996 zilifanywa kwenye baiskeli ya ndani kwa ukali wa kutisha, takriban asilimia 170 ya nguvu inayofikisha oksijeni kwenye kilele chake, na baada ya mizunguko 7 au 8 mtu alikuwa hawezi tena. Pushapu za haraka haraka zinazopewa jina hilo ni zoezi jingine kabisa.

Namba za Jumanne ya juma la 3, kipande kwa kipande: wati 240, 236, 225, 214. Mapigo ya moyo yaligoma kuvuka 165, huku Borg nikiiandika 18. Hali hiyo ina maana yake. Moyo ulikuwa na nafasi ya kupanda zaidi, ila misuli ya mapaja, iliyobeba chuma jana yake, haikuweza kuomba damu zaidi ya hiyo. Kwa hiyo siku iliyowekwa kwa ajili ya pumzi haikuifikia pumzi. Iliishia kwenye miguu.

Alhamisi nayo skwati ilikuwa nzito kuliko namba iliyo kwenye sahani, na safari ya Jumapili ilianza na miguu iliyokaza. Ukitazama juma zima, hakuna hata siku moja ambayo miguu ilikuwa mipya, na hakuna hata siku moja iliyokuwa ngumu kwelikweli. Kila siku ilikuwa katikati.

Juma la 4

Juma la nafuu. Ukali umebaki ule ule, ila wingi wa kazi nimeukata nusu: seti (mafungu ya marudio) chache, vipande viwili badala ya vinne, safari fupi. Nalala saa 8 kila usiku. Hakuna zaidi cha kuandika, na ndivyo juma la nafuu linavyotakiwa kuwa.

Juma la 5: mpangilio wa pili

Sasa nimekusanya ugumu wote kwenye siku mbili. Jumanne asubuhi vipande vya dakika 4, jioni vyuma vya miguu. Ijumaa asubuhi vilima, jioni vyuma vya miguu. Jumatano baiskeli nyepesi ya saa moja. Alhamisi mwili wa juu: pushapu, kujivuta kwenye chuma, planki, na kamba. Jumapili safari ndefu. Jumatatu na Jumamosi sifanyi chochote.

Wanaosikia habari ya kufanya vipande asubuhi na skwati jioni huona kama ni kujitesa. Mimi naona kinyume chake. Mwili haujali kama uchovu umeupata kwa pedeli au kwa chuma, unachodai ni muda wa kutosha wa kujijenga kabla hujaugusa tena. Ukiweka magumu pamoja, unaununua muda huo kwa jumla. Ukiyatawanya, unaukatakata vipande visivyofaa kitu.

Yapo masharti mawili. Kwanza, baiskeli itangulie na chuma kifuate, kwa sababu mradi huu unaipa pumzi kipaumbele. Anayetaka nguvu kwanza ageuze. Pili, pawe na mwachano wa saa 6 au zaidi kati ya hayo mawili, na katikati mtu ale wanga wa kutosha na protini. Ndani ya seli kuna ishara mbili zinazovutana: ile ya kujenga protini za msuli, ambayo chuma huiamsha, na ile ya upungufu wa nishati, ambayo baiskeli ndefu huiamsha. Ya pili ikiwa bado imewaka, ya kwanza inapata shida kufanya kazi yake. Mapumziko na chakula huituliza.

Jumanne ya juma hili: 243, 243, 241, 240. Mapigo yalifika 175 kwenye kipande cha tatu. Nimeitazama safu hiyo ya namba kwa furaha ambayo sitaificha. Siku nne za karibu zilikuwa na baiskeli nyepesi moja tu na nafuu ya juma lililopita, kwa hiyo sehemu ya sifa ni ya kupumzika. Nitasubiri majuma mawili kabla ya kuupa mpangilio sifa yote.

Juma la 6: mguu wa kushoto

Skwati ya miguu miwili huficha mambo. Juma hili nimeongeza ya mguu mmoja: mguu wa nyuma unaupandisha juu ya benchi, wa mbele unakanyaga mbele kidogo, dambeli mkononi kila upande, unashuka hadi goti la nyuma likaribie sakafu. Nimejipiga video kwa mbele.

Mguu wa kulia unashuka na kupanda umenyooka. Wa kushoto, kuanzia rudio la tano, goti linaingia ndani. Kwanza linatikisika kidogo, halafu linaelekea kwenye kidole gumba, na nyonga ya upande huo inazama. Si goti lenye tatizo hapo. Ni misuli ya pembeni ya makalio inayotakiwa kuishikilia nyonga, imechoka kabla ya paja. Na kwenye baiskeli jambo hilo hilo linatokea kila mzunguko bila mtu kuliona. Ukizungusha pedeli mara 85 kwa dakika, kila mguu unasukuma mara 5,100 kwa saa. Goti linaloingia ndani kidogo tu, likirudia hivyo kwa saa 4, lina hesabu ya kulipa.

Dawa yake haina mbwembwe. Mguu wa kushoto unaanza kila seti, na wa kulia haufanyi marudio zaidi ya yale ambayo wa kushoto umeyafanya kwa usafi. Halafu kuna daraja la nyonga kwa mguu mmoja: unalala chali, mguu mmoja sakafuni, unanyanyua makalio hadi mwili unyooke kutoka goti hadi bega, unahesabu 3 pale juu. Nafanya kabla ya skwati ili misuli ile iamke.

Nimekagua na siti. Pedeli ikiwa chini kabisa, goti linatakiwa kubaki limekunjika nyuzi 25 hadi 35. Mimi nilikuwa kwenye 37, kwa hiyo siti imepanda milimita 4. Hatua ndogo kama hiyo unaipa majuma mawili mwili uizoee kabla ya kugusa tena.

Juma la 7: siku nyepesi iwe nyepesi

Juma la 7 ndilo lile la Hickson, kwa hiyo nililisubiri kwa hamu. Skwati imefika kilo 65 kwa marudio 8 na haijasimama. Vipande vya Jumanne: 247, 248, 246, 246. Sasa nauamini mpangilio wa pili.

Nataka kukaa kidogo kwenye Jumatano, kwa sababu ndiyo siku inayoharibiwa na watu wengi, na ndiyo inayoubeba mpangilio wote. Saa nzima kwa wastani wa chini ya mapigo 135. Kipimo changu ni mazungumzo: lazima niweze kusema sentensi ndefu bila kukata pumzi katikati. Kilima kikija nashusha gia hadi ya mwisho, nazungusha kwa wepesi, na spidi ikianguka ianguke. Mwendesha baiskeli mwingine akinipita, anapita. Stephen Seiler, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi wanamichezo wakubwa wa pumzi wanavyogawanya mazoezi yao, aliona kwamba karibu asilimia 80 ya vipindi vyao ni vyepesi, na vilivyobaki ni vigumu kwelikweli. Wale wana saa 20 au zaidi kwa juma, na mimi sina saa hizo. Lakini kanuni ya kutokaa katikati inafaa hata kwa mwenye saa 8.

Kazi inayofanyika kwenye mwendo mwepesi haionekani siku ile. Mishipa midogo ya damu inaongezeka ndani ya msuli, na mitokondria, zile sehemu za seli zinazogeuza mafuta na sukari kuwa nishati, zinaongezeka pia. Kwenye njia ile ile ya Jumatano, spidi ile ile, mapigo yangu ya wastani yalikuwa 142 mwanzoni mwa mradi. Sasa ni 134.

Juma la 8

Nafuu tena. Nimebadilisha cheni, imerefuka asilimia 0.5 na sitaki ianze kula meno ya gia.

Juma la 9: kamba

Kuna swali linaloulizwa: kamba ya Alhamisi ni ya nini, wakati pumzi ipo tayari? Ni ya mifupa. Baiskeli inakubeba. Magoti yanaishukuru kwa hilo, ila mfupa unaimarika kwa kugongwa na kubebeshwa uzito, na tafiti zimeona waendesha baiskeli wa barabarani wenye mifupa hafifu ya kiuno kuliko wanamichezo wanaokimbia. Chuma kinasaidia, na kuruka kunaongeza. Naruka dakika chache tu, raundi fupi, visigino havigusi chini. Kano ya kisigino hukomaa polepole kuliko msuli, ndiyo maana nimepandisha dozi kidogo kidogo tangu juma la kwanza.

Juma la 10: sukari barabarani

Safari za Jumapili zimevuka saa 3, na hapo hesabu ya nishati inakuwa sehemu ya mazoezi. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini, takriban gramu 500 kwa mtu wa kawaida, karibu kalori 2,000. Safari ya kilomita 120 inakula zaidi ya hizo. Mafuta yanachangia, ila mlimani, nguvu ikipanda, mwili unadai sukari.

Kwa hiyo nakula tangu dakika ya 30, kabla njaa haijaja. Kiwango kinachopendekezwa kwa kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Wanaofika 90 huchanganya glukosi na fruktosi, kwa kuwa utumbo hupokea kila moja kupitia mlango wake. Mimi nilianza na 40, nikapanda hadi 60, na tumbo limekubali. Tumbo nalo hufunzwa kama paja. Naandika gramu kwenye shajara kama ninavyoandika wati, kwa sababu Jumapili ya 60 na Jumapili ya 40 hazifanani kabisa kwenye kilomita 20 za mwisho.

Juma la 12: kipimo na mlima

Jumanne, dakika 20: wastani wati 233. Kizingiti kimefika 221, uzito haukubadilika, kwa hiyo ni wati 3.1 kwa kilo. Ijumaa hakuna vilima, ni skwati peke yake: kilo 72.5, marudio 8, na goti la kushoto limenyooka hadi mwisho. Video ipo.

Jumapili, safari. Nilijizuia kilomita 112 za kwanza, mapigo chini ya 145, gramu 60 kila saa, chupa mbili zenye chumvi kidogo. Nilifika mguu wa mlima baada ya saa 4 na dakika 10. Kilomita 4 za chini nilizipanda kwa wati 186, nimekaa kitini, mizunguko karibu 80 kwa dakika. Kwenye kona ambapo mwinuko unafika asilimia 8 nilisimama juu ya pedeli, na pale ndipo nilipoisikia ile kazi ya mguu mmoja: baiskeli inayumba kushoto na kulia, nyonga zimetulia. Kilomita 4 za juu zilikuwa wati 190. Wastani wa mlima mzima 188, dakika 33 na nusu.

Mtu mmoja si utafiti. Sehemu ya nyongeza hii ningeipata kwa kuendesha tu. Ninachoweza kukisema kwa uhakika ni kile ambacho nimekiona kwenye safu za Jumanne: mazoezi karibu yale yale, yakipangwa kwa namna mbili, yalitoa miguu miwili tofauti.

Kinachofuata

Juma moja la nafuu, halafu majuma 12 mengine. Rønnestad na wenzake walionyesha mwaka 2010 kwamba nguvu iliyojengwa kwa vyuma inaweza kushikiliwa kwa kipindi kimoja kwa juma msimu wa mashindano ukiendelea, kwa hiyo chuma cha Ijumaa jioni naondoa na cha Jumanne nabakiza, uzito ule ule, seti zikiwa zimepunguzwa. Saa itakayopatikana inaenda kwenye safari ya Jumapili. Ijumaa vilima vinakuwa vipande viwili vya dakika 20 chini kidogo ya kizingiti, kuanzia wati 205. Mguu wa kushoto unaendelea kutangulia.